Kutoka Indianola hadi Comfort: shajara ya makaburi ya Wajerumani wa Texas

Chama chetu cha kufa na kuzikana hapa Houston kina Watanzania, Wakenya na Wakongo. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa moja: mwenzetu akifariki tunachanga, tunafuatilia karatasi, na mwili unasafirishwa kwenda kuzikwa kwao. Waislamu wa chama hawana mjadala huo. Kwao maiti huzikwa upesi, na huzikwa pale alipofia. Sisi wengine ndio tumeanza kuulizwa maswali mapya. Wapo Wakongo ambao kijiji cha kurudishia mwili hakipo tena. Wapo vijana waliozaliwa hapa wanaotaka kaburi la baba liwe mahali ambapo wataweza kwenda siku ya Jumapili na kupalilia. Mkutano ukatutuma, mimi na Mzee wetu mweka hazina, tukaangalie jinsi wahamiaji wa zamani walivyolimaliza jambo hili, kisha turudi na taarifa.

Mimi ndiye niliyependekeza Wajerumani wa nchi ya vilima, magharibi ya Austin na San Antonio. Makaburi yao bado yapo mashambani, na mengi bado yanaendeshwa na wenyeji wenyewe. Msomaji wa Tanzania akisikia Mjerumani humjia akilini Carl Peters, boma na kiboko. Hawa ni wengine. Walianza kuondoka kwao takriban miaka arobaini kabla ya Peters kufika Usagara mwaka 1884. Wengi wao walikuwa wakulima na mafundi waliobanwa na uhaba wa ardhi na kodi, na walizika watu wao Texas kabla nchi yenyewe ya Ujerumani haijaunganishwa mwaka 1871.

Alhamisi: Indianola

Tulianzia pwani kwa makusudi, maana huko ndiko waliposhukia. Barabara ya kutoka Houston ni tambarare tupu, mashamba ya mpunga na malisho, hadi Port Lavaca, halafu njia nyembamba inayofuata ghuba ya Matagorda. Indianola ya leo ni nyumba chache zilizojengwa juu ya nguzo ndefu, wavuvi, ndege wa majini na upepo usiokoma.

Mambo yalianza mwaka 1842 huko Biebrich, kando ya mto Rhine, ambako mabwana wa kifalme na makabaila waliunda chama cha kuwapeleka watu Texas. Kilijulikana kama Adelsverein. Familia ililipa dola 240, mtu asiye na mke dola 120, na kwa fedha hiyo waliahidiwa usafiri, nyumba, vifaa na ardhi: ekari 320 kwa familia, 160 kwa mseja. Ardhi yenyewe ilikuwa mbali sana bara, kwenye nchi ya Wakomanchi, wenyeji asilia wa huko, na waliokuwa wakiiuza hawakuwa wameiona. Desemba 1844 mwakilishi wao wa kwanza, Prince Carl wa Solms-Braunfels, aliwashusha abiria wa mwanzo hapa na kupaita Carlshafen.

Meli ziliendelea kuja, zikaleta zaidi ya watu 7,000 kwa muda mfupi. Mei 1846 vita vikazuka kati ya Marekani na Mexico. Jeshi lilihitaji magari ya ng'ombe, na lililipa vizuri kuliko chama cha makabaila kilichokuwa kimeshaanza kufilisika. Wenye magari wakalifuata jeshi. Maelfu ya watu walibaki kwenye mchanga huu, katika mahema na mashimo waliyochimba na kuezeka matawi, wakinywa maji machafu, mvua ikiwanyeshea. Wakaharisha damu, wakashikwa na homa ya matumbo. Makadirio ya waliokufa, hapa na njiani, huanzia mamia na kufikia elfu kadhaa. Walizikwa mchangani, wengi bila jiwe.

Mzee aliyasikiliza haya yote akiwa amesimama anaitazama ghuba. Yeye ni mtu wa Uvira. Alivuka ziwa mwaka 1996, akaishi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, miaka mingi kabla ya kuletwa Texas, na mama yake amezikwa huko Nyarugusu.

"Mwanangu, hii ilikuwa kambi," alisema. "Watu wanangojea motokari, motokari haikuye."

Nilikuwa nimesoma habari za Indianola mara nyingi na sikuwahi kuiona hivyo. Akaniuliza nani alikuwa akigawa chakula, nani alikuwa akiandika majina ya waliokufa, na je, waliobaki waliwahi kurudi kuyatafuta makaburi. Maswali ya mtu anayejua kambi inavyokwenda.

Jibu la swali la mwisho ni kwamba mji wenyewe haukudumu. Baada ya shida ile Indianola ilikua, ikawa bandari ya pili ya Texas baada ya Galveston, na mwaka 1856 hata ngamia wa jeshi la Marekani walishushwa hapa kwa majaribio. Kisha ikapigwa na kimbunga cha Septemba 1875 kilichoua mamia. Waliobaki wakajenga tena. Agosti 1886 kikaja kingine, pamoja na moto, na safari hii watu wakahama. Yamebaki makaburi ya zamani, mawe machache kwenye mwinuko mdogo karibu na kinamasi. Tuliyazunguka polepole. Mawe yaliyopo ni ya watu wa mji, wa miaka ya baadaye. Wale wa mahema hawana kitu.

Mzee alitoa daftari lake la hesabu za chama, akaandika mstari mmoja: kaburi bila watu wa karibu linapotea.

Ijumaa: njia ya kwenda New Braunfels

Siku hii ilikuwa ya barabara zaidi. Kutoka pwani hadi New Braunfels ni kama kilomita 240, kupitia Victoria na kuukaribia mto Guadalupe. Sisi tulitumia asubuhi moja. Wao, walipokata tamaa ya kupata magari, wengi walikwenda kwa miguu na magonjwa yao, wakazikana kando ya njia.

New Braunfels ilianzishwa Ijumaa Kuu, tarehe 21 Machi 1845, penye chemchemi za Comal. Maji yake ni safi hadi unaona mawe ya chini. Mwaka uliofuata ugonjwa wa pwani uliwafuata hapa. Mwanajiolojia Ferdinand Roemer, aliyekuwa Texas kuanzia mwisho wa 1845 hadi 1847, aliyaona maziko hayo kwa macho yake. Mji mchanga wa watu wachache ulizika mamia ndani ya mwaka mmoja.

Waliobaki nyuma walikuwa watoto. Mchungaji Louis Cachand Ervendberg na mkewe Luise waliwachukua watoto waliokosa baba na mama, na mwaka 1848 makao yao yakapata hati rasmi. Ndiyo nyumba ya kwanza ya yatima katika Texas.

Hapo Mzee aliniambia jambo ambalo sikuwa nalijua juu ya chama chetu. Kabla ya chama kuwa na akaunti ya benki, michango ya kwanza kabisa aliyowahi kuishika haikuwa ya jeneza. Ilikuwa ya kuwatunza watoto wawili ambao mama yao alifariki miezi michache tu baada ya kufika Houston. Kaburi la mama huyo lilishughulikiwa na ofisi iliyokuwa inawahudumia wageni. Watoto hao sasa ni watu wazima, na mmoja wao ndiye aliyesimama mkutanoni kuuliza mama yake yuko wapi hasa, maana jiwe halikuwahi kuwekwa.

Jioni tulikula soseji na viazi, tukalala mapema.

Jumamosi: Fredericksburg

Kutoka New Braunfels ardhi inaanza kuinuka. Mawe ya chokaa yanatokeza kando ya barabara, mialoni mifupi yenye majani mabichi mwaka mzima, na kwa kuwa ni mwisho wa Machi, kando zote zilikuwa na maua ya bluu ya bluebonnet.

Kundi la kwanza la magari liliondoka New Braunfels tarehe 23 Aprili 1846 na kufika hapa tarehe 8 Mei, watu wapatao 120. Aliyewatuma alikuwa mwakilishi wa pili wa chama cha makabaila, Baron Otfried Hans von Meusebach, ambaye alipofika Texas aliuacha ubaroni na kujiita John O. Meusebach. Mji aliupa jina la Prince Frederick wa Prussia. Ni huyu Meusebach aliyekwenda Machi 1847 hadi mto San Saba kuzungumza na wakuu wa Wakomanchi, akaahidi zawadi za thamani ya dola 3,000, na mkataba ukatiwa saini Fredericksburg tarehe 9 Mei mwaka huo. Watu wa hapa bado wanajivunia kwamba mkataba ule uliheshimiwa. Nami nadhani wana haki ya kujivunia, ingawa inabidi kusema pia kwamba Wakomanchi hawana tena nchi hapa na Wajerumani wanayo.

Der Stadt Friedhof, makaburi ya mji, yapo karibu na kijito cha Barons Creek. Yalianza mwaka ule ule wa 1846, na hapa ndipo nilipotaka Mzee asimame kwa muda. Lile kanisa lao la pembe nane katikati ya mji, Vereins Kirche, lilijengwa mwaka 1847, na madhehebu yote waliligawana. Lilikuwa kanisa, shule, ukumbi wa mikutano na ngome kwa pamoja. (Linaloonekana leo ni la kuiga, lililojengwa miaka ya 1930, la asili lilibomolewa 1897.) Maana yake makaburi yalitangulia. Watu hawa walikuwa bado wanalala chini ya matawi, hawana kanisa wala darasa, na tayari walikuwa na mahali ambapo wote walijua ni pa kuzikia.

Tulitumia saa nyingi tukisoma mawe. Mimi Kijerumani nakifahamu kidogo, lakini ukishajua maneno matatu unasoma karibu jiwe lolote: geb. ni kuzaliwa, gest. ni kufa, na Hier ruht ni hapa amelala. Jiwe la mwanamke mara nyingi hutaja ukoo aliozaliwa kando ya ukoo alioolewa, kwa hiyo bibi hapotezi kwao. Halafu kuna mahali pa kuzaliwa. Nassau. Hannover. Hessen-Darmstadt. Braunschweig. Jiwe linataja jimbo, pengine na kijiji, kwa sababu hakukuwa na nchi moja ya kutaja.

Jambo la vijiji lilimgusa Mzee kuliko lolote. Kwenye mikutano yetu kuna wanaosema kaburi la ugenini ni kukana kwenu. Alipita kwenye mstari mmoja akionyesha kwa kidole, jiwe baada ya jiwe, kila mmoja kazaliwa ng'ambo, kila mmoja kasema wapi.

Wakatoliki wa mji walikuwa na makaburi yao mbali, wala hatukupata nafasi ya kwenda. Tulipita pia kwenye zile nyumba ndogo za Jumapili, ambazo wakulima wa mbali walijenga mjini wapate kulala Jumamosi na kwenda ibada kesho yake. Ni nzuri kutazama.

Jumapili: kaskazini, mashambani

Hii ndiyo siku niliyokuwa naingoja. Tulikuwa tumepewa ahadi na mama mmoja, mjumbe wa kamati ya makaburi ya jamii moja ya wakulima kaskazini ya Fredericksburg. Aliomba nisiandike jina la mahali, maana wamewahi kuibiwa misalaba ya chuma, nami namheshimu.

Unaacha lami, unavuka mabomba ya chuma yaliyotandazwa barabarani kuzuia ng'ombe wasipite, unafuata njia ya kokoto hadi kwenye uzio wa nguzo za mierezi. Ndani ni kama ekari moja. Mama alitukuta langoni na funguo. Ana umri wa miaka zaidi ya themanini, na lugha yake ya kwanza utotoni ilikuwa Kijerumani cha Texas, lahaja ambayo leo imebaki kwa wazee tu. Profesa Hans Boas wa Chuo Kikuu cha Texas amekuwa akirekodi wasemaji wake tangu mwaka 2001, kabla hawajaisha. Tulimwamkia kwa mikono miwili, Mzee akavua kofia, naye akatukaribisha kama wageni wa familia.

Alisimulia chanzo cha makaburi haya huku tukitembea. Mkulima mmoja alifiwa na mtoto, akamzika kwenye kona ya shamba lake yenye udongo wa kina, kwa sababu sehemu kubwa ya vilima hivi ni mwamba na kaburi halichimbiki. Jirani naye akafiwa, akaomba. Wa tatu akaomba. Baada ya miaka kadhaa yule mkulima aliona kwamba akifa na shamba likiuzwa, makaburi ya watu yatakuwa mikononi mwa mgeni. Akaikata ekari ile, akaiandikisha kwenye ofisi ya kaunti kwa jina la wadhamini watatu kwa niaba ya jamii. Wadhamini wakifa wanachaguliwa wengine. Hadi leo.

Mzee alimwomba arudie sehemu ya hati. Alirudia. Mzee akaandika ukurasa mzima.

Kuna mambo matatu hapo ndani nayaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo tuliyoyafuata.

Kwanza ni mpangilio. Nilitarajia viwanja vya koo, ukoo huu hapa, ukoo ule pale. Badala yake, sehemu ya zamani imepangwa kwa mstari, anayekufa anafuata aliyetangulia. Mume yupo mstari wa pili, mke aliyeishi miaka ishirini zaidi yupo wa tano, na kati yao wamelala majirani. Desturi hii inaonekana katika makaburi mengi ya zamani ya Wajerumani wa Texas, na sehemu za baadaye ndiko koo zinaanza kukaa pamoja. Mzee alinitazama, nami nilijua anachofikiria. Hoja iliyovunja mkutano wetu mara ya mwisho ilikuwa hii: tukinunua eneo, Wakongo watakaa wapi, Wachaga wapi, Walokole wapi? Kumbe mstari mmoja unatosha.

Pili ni watoto. Wana safu yao peke yao, upande wa mashariki, mawe madogo yenye mwanakondoo au njiwa aliyechongwa. Familia moja ina mawe manne yanayofanana, yamechongwa na mkono mmoja, na tarehe za vifo zote zimo ndani ya mwezi mmoja wa mwaka mmoja. Mama alisema ni dondakoo. Bibi yake alikuwa akisimulia. Dondakoo iliua watoto wengi wa vilima hivi kabla dawa yake haijapatikana mwishoni mwa karne ya 19. Mtoto anaziba koo na hakuna la kufanya. Nilijaribu kuwaza baba anayechimba mara ya nne kwenye udongo ule wenye mawe, nikashindwa kuendelea kuandika kwa muda.

Tatu ni lugha. Hadi miaka ya 1910 karibu kila jiwe ni la Kijerumani, kwa herufi zao zile za zamani zenye pembe. Vita ya Kwanza ya Dunia inapofika, mambo yanabadilika. Mwaka 1918 Texas ilitunga sheria ya kufundisha kwa Kiingereza katika shule za umma, na kuonekana Mjerumani kukawa hatari. Kwenye makaburi unaona mume wa 1912 kwa Kijerumani na mke wake wa 1921, jiwe lile lile, kwa Kiingereza. Mistari ya baadaye Kijerumani kinabaki maneno mawili tu, Ruhe sanft, yaani pumzika kwa amani, chini kabisa ya jiwe.

Mzee alimuuliza mama kama mtu asiye wa ukoo wao angekufa hapa zamani, wangemzika. Mama hakukwepa. Alisema kwa muda mrefu walizika wa familia zao tu, na palikuwa na mabishano makali kwenye mkutano wa mwaka kabla ya kukubali kwamba yeyote aliyeishi katika jamii hii na kuchangia ana haki. Yeye alipiga kura ya kukubali. Alituonyesha makaburi mawili mapya yenye majina ya Kihispania, yamepandwa maua, yametunzwa sawa na mengine.

Kuhusu kazi: kila majira ya kuchipua kuna siku ya usafi. Watu wanakuja na mashine za kukatia nyasi, wanasimamisha mawe yaliyoinama, wanafukia mashimo ya armadillo, wanyama wenye magamba wanaofanana na kakakuona, ambao huko ni wasumbufu kweli, kisha wanakula pamoja chini ya mwaloni na kufanya mkutano. Mfuko unatokana na michango na urithi mdogo mdogo ambao watu huacha. Kuna ramani ya makaburi yote, na nakala yake inakaa nyumba tofauti kwa kuhofia moto.

Sheria pia inasaidia. Texas, ardhi ikishazikiwa inahesabika ni makaburi, haitumiki kwa kazi nyingine hadi mahakama iamue, na hailipiwi kodi ya ardhi. Makaburi yakizungukwa na shamba la mtu bila njia, sheria inawapa wanaotaka kuyazuru haki ya kupita. Na tangu 1998 Tume ya Historia ya Texas inaweza kuyaandikisha kama makaburi ya kihistoria, jambo linaloingizwa kwenye kumbukumbu za kaunti ili mnunuzi wa ardhi ajue. Lakini ipo sheria nyingine inayotugusa sisi wa Houston: kwa kawaida huruhusiwi kuanzisha makaburi mapya ndani ya mji mkubwa wala ndani ya maili tano kutoka mpaka wake.

Mchana tulimuaga. Mzee alimpa kikapu alichokuwa amekuja nacho kutoka nyumbani, kazi ya mkono ya mkewe, na mama akasema atakiweka mezani.

Tukaendelea hadi Cherry Spring, alikozikwa Meusebach. Alifariki Mei 1897 huko Loyal Valley, akiwa amekaa Texas zaidi ya nusu karne, na kaburi lake lipo kwenye makaburi madogo ya familia, ya Marschall na Meusebach. Jiwe lina maneno ya Kilatini ya ukoo wake, Tenax propositi, mwenye kushikilia azma yake. Mtu aliyeanzisha mji, na akalala shambani kati ya wakwe zake.

Jumatatu: Comfort

Comfort ilianzishwa mwaka 1854 na Ernst Altgelt. Wengi wa waanzilishi hawakuwa watu wa dini. Walijiita wenye fikra huru, na mji haukuwa na kanisa hadi mwaka 1892. Nilijua Mzee, ambaye ni shemasi, hatapapenda sana. Akapakuta pana jambo lililomkalisha chini.

Mwaka 1861 Texas ilipopiga kura ya kujitenga na Marekani, Wajerumani wa vilima hivi walikataa; katika kaunti ya Gillespie zaidi ya tisa katika kila kumi walipiga kura ya hapana. Wengi wao hawakuwa na watumwa. Vita vilipokuja, eneo likawekwa chini ya amri ya kijeshi, na kiangazi cha 1862 vijana sitini na kitu wakaamua kukimbilia Mexico. Alfajiri ya tarehe 10 Agosti wapanda farasi wa jeshi la Kusini, yaani la majimbo yaliyojitenga, waliwavamia walipolala kando ya mto Nueces. Kumi na tisa waliuawa kwenye mapigano. Majeruhi tisa waliokamatwa waliuawa baadaye. Wengine waliuawa Oktoba walipojaribu kuvuka Rio Grande.

Miili iliachwa pale pale. Jamaa zao hawakuweza kwenda kuichukua, vita ikiendelea. Agosti 1865, miaka mitatu baadaye, ndipo ndugu na majirani walipofunga safari hadi Nueces, wakaokota mifupa, wakaileta Comfort, wakaizika katika kaburi moja. Mwaka uliofuata, tarehe 10 Agosti 1866, walizindua mnara wa chokaa juu yake: Treue der Union, uaminifu kwa Muungano, yaani Marekani isiyogawanyika, pamoja na majina yote kwa Kijerumani, yamegawanywa kwa namna walivyokufa. Bendera hapo hupepea nusu mlingoti, nayo ina nyota 36, idadi ya majimbo ya wakati ule.

Tulikaa kwenye benchi. Mimi nilianza kuhesabu miaka. Comfort ilikuwa na miaka kumi na moja tu walipokwenda kuchukua mifupa ile. Waliochukuliwa walikuwa wamezaliwa Ulaya, wengi wao, na wazazi wao pia. Na watu walipotaka kuwarudisha nyumbani, nyumbani palikuwa hapa.

"Wamefanya kile sisi tunafanya," Mzee alisema. "Wamechanga, wamekwenda kuchukua mwili. Lakini wameuleta hapa."

Njiani kurudi Houston hatukukubaliana kwa kila kitu. Mimi nataka chama kianze sasa kutafuta ekari moja nje ya ile mipaka ya maili tano, kwa hati yenye wadhamini, hata kama itachukua miaka. Mzee anasema fedha iliyopo inunue kwanza mstari mmoja kwenye makaburi yaliyopo tayari, na fedha ya awali kabisa iende kutafuta kaburi la mama wa wale watoto wawili na kuliweka jiwe. Juu ya hilo la jiwe hatuna ubishi. Tumekubaliana pia kwamba kila jiwe litaandikwa mahali pa kuzaliwa, Uvira, Kisii, Lushoto, popote. Kwamba watu watalala kwa mfuatano wa kufa, bila kutenga kabila wala dhehebu. Na kwamba kutakuwa na ramani, nakala mbili, nyumba mbili. Mapendekezo yote, yangu na yake, yatasomwa mkutanoni mwezi ujao, na Mzee atakuja na hesabu.